Mchora Jalada Naye Ana Jina

Msomaji, niruhusu nianze makala haya kwa kuungama. Muhula mmoja uliopita mwanafunzi wa shahada ya uzamili alinijia ofisini akiwa na pendekezo la tasnifu. Alitaka kuchunguza lugha ya majalada ya vitabu vya katuni: jinsi picha moja na maneno mawili matatu yanavyoweza kumsimamisha mpita njia, kumtia hamu na kumtoa pesa mfukoni. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu, nikamrudishia karatasi zake na kumwambia, kwa sauti ile ambayo sisi wahadhiri huijua vyema, "Kijana wangu, chuo kikuu si kibanda cha magazeti. Nenda ukatafute mada yenye uzito."

Hakubishana nami. Aliinama, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Siku tatu baadaye nilikuta karatasi moja imesukumwa chini ya mlango wangu. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, nayo ilisema hivi: "Mwaka 1973 mwanafunzi mmoja wa sanaa nchini Uingereza aliandika tasnifu ya maneno 15,000 kuhusu mchoraji wa katuni aitwaye Neal Adams. Walimu wake hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo. Mwanafunzi huyo aliitwa Brian Bolland. Mwalimu, nakuomba ulitafute jina la Bolland kabla hujanikataza mara ya pili."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Jioni ile nilianza kulitafuta jina la Bolland, na yale niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu leo. Nimegundua kwamba maisha ya mtu huyu, ambaye hajulikani sana miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, yanatugusa sisi Waafrika kwa namna ambayo sikuitarajia kabisa.

Brian Bolland alizaliwa mwaka 1951 katika kijiji cha Butterwick, jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Ni nchi ya mashamba tambarare yaliyopatikana kwa kukausha mabwawa, na baba yake alikuwa mkulima. Kijana huyo hakuwa na ndugu wa kucheza naye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vitabu vya katuni kutoka Marekani vilipoanza kuingia katika maduka ya Uingereza, yeye alianza kuvikusanya. Hakuna aliyemfundisha kuchora hadithi kwa picha. Alisomea usanifu wa michoro na historia ya sanaa kwa miaka mitano tangu mwaka 1969, lakini ufundi wa katuni wenyewe, kwa maelezo yake, alijifunza peke yake kwa kuwatazama waliomtangulia.

Sasa, msomaji, sikiliza jinsi kijana huyu alivyopata kazi yake ya kwanza ya kudumu. Hakuipata kwa Waingereza wala kwa Wamarekani. Mkate wake wa kwanza aliula kutoka Nigeria.

Katikati ya miaka ya 1970 wakala mmoja wa London alipewa kazi ya kutayarisha jarida la katuni la kuuzwa Nigeria. Shujaa wake alikuwa Mwafrika mwenye nguvu zisizo za kawaida, na jina lake lilikuwa Powerman. Hadithi ziliandikwa na Waingereza wazima waliokuwa wakongwe katika kazi hiyo, na michoro wakapewa vijana wawili wapokezane zamu. Mmoja alikuwa Bolland. Wa pili alikuwa Dave Gibbons, yule ambaye miaka kumi baadaye angechora Watchmen, kitabu kinachotajwa hadi leo kila watu wanapojadili vilele vya sanaa hii. Kwa hivyo wachoraji wawili miongoni mwa wakubwa kabisa wa Uingereza walinolewa kwa fedha za wasomaji wa Nigeria. Sijui ni wangapi kati ya wasomaji wale waliopata kuambiwa habari hiyo.

Lakini kuna jambo jingine katika kisa hiki ambalo lilinikera nikiwa mwanaisimu. Vijana wale waliagizwa wachore kwa mtindo mwepesi sana, wasijaze fremu nyingi katika ukurasa mmoja, na kila fremu waitie nambari. Moja, mbili, tatu, nne. Sababu waliyopewa ni kwamba Waafrika hawana mazoea ya kusoma hadithi za picha, na bila nambari wangepotea njia.

Tulitazame dai hili kwa utulivu. Ni kweli kwamba kusoma picha zilizopangwa mfululizo ni jambo la kujifunza. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kwamba fremu ya kushoto hutangulia ya kulia, au kwamba kiputo chenye mkia huonyesha maneno yaliyosemwa, na kile chenye povu huonyesha mawazo. Mjapani husoma vitabu vyake vya katuni kuanzia kulia. Msomaji wa Kiarabu vilevile hupeleka jicho lake kutoka kulia. Mpangilio wa fremu una kanuni kama sarufi ya lugha ilivyo na kanuni, na kila jamii huwafundisha watoto wake kanuni hizo bila hata kufahamu kwamba inafundisha. Kosa la watu wale wa London halikuwa kuamini kwamba kanuni hizo hufundishwa. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba huku kwetu hazikuwa zimefundishwa bado, na kuamini hivyo bila kumuuliza mtu.

Wangeuliza, wangejibiwa upesi. Tangu mwaka 1968 jarida la African Film lilikuwa likisomwa Lagos, Accra na Nairobi. Lilisimulia kwa picha za kamera, fremu baada ya fremu, vituko vya mpelelezi Lance Spearman, mtu wa kofia, suti maridadi na ngumi nzito. Marehemu ami yangu alikuwa na nakala za jarida hilo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na sisi watoto tulikatazwa kuzigusa. Tulizigusa. Nilikuwa sijafika darasa la tatu na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini sikupata kukosea ni fremu ipi hufuata ipi. Hakuna aliyenipa nambari. Katika gazeti la Taifa Leo nako, kwa miongo kadhaa, marehemu Edward Gitau alituchorea Juha Kalulu, na najua wazee wasiokwenda shule zaidi ya miaka minne waliokuwa wakilifungua gazeti kwanza kwa Juha, kisha ndipo wageukie habari za serikali.

Nasema haya si kwa sababu ya kutaka kumlaumu Bolland. Yeye alikuwa kijana aliyetafuta riziki na akafanya alivyoagizwa. Tena agizo lile lilimfaa kwa namna yake. Anayechora kwa wepesi, fremu chache, kila moja ikieleweka peke yake, hujifunza kutupa kila kisichohitajika. Shule ile ya nambari ilimtia nidhamu. Ila ni vyema tukumbuke nani alilipa karo.

Mwaka 1977 jarida la 2000 AD lilianzishwa mjini London, nalo likamleta Judge Dredd, askari wa mji wa siku zijazo ambaye ni polisi, hakimu na mnyongaji katika mwili mmoja. Bolland alichora majalada yake tangu mwaka ule wa kwanza, kisha akaingia ndani ya hadithi zenyewe. Mwaka 1980 yeye na mwandishi John Wagner walimzaa Judge Death, hakimu kutoka ulimwengu mwingine anayeamini kwamba, kwa kuwa makosa yote hutendwa na walio hai, basi uhai wenyewe ndio kosa. Mantiki hiyo, msomaji, ni ya kutisha hasa kwa sababu haina ufa. Na mchoro wa Bolland uliifaa: meno yaliyokenuka, uso usio na macho, kila mkunjo wa vazi umechorwa kwa subira ya fundi cherehani.

Subira hiyo ndiyo iliyoamua maisha yake yote yaliyofuata. Bolland alikuwa mchoraji wa polepole. Kitabu cha katuni cha Marekani hutoka kila mwezi, nacho huhitaji kurasa ishirini na zaidi zilizokamilika. Mchoraji mwepesi humaliza ukurasa mmoja kwa siku na kulala usingizi. Bolland hakuweza, au tuseme hakukubali. Alipopewa na kampuni ya DC hadithi ndefu ya Camelot 3000, iliyotoka kwa sehemu 12 kuanzia mwaka 1982, sehemu za mwisho zilichelewa kwa miezi mingi, hata ya kumi na mbili ikatoka mwaka 1985. Wasomaji walinung'unika. Wangekuwa mabosi wengine wangemfuta.

Lakini mlango mwingine ulikwisha kufunguka. Mwaka 1979 mchoraji Mmarekani, Joe Staton, alifika London na akapata malazi nyumbani kwa Bolland. Staton wakati huo ndiye aliyekuwa akichora Green Lantern. Mwenyeji wake alimwambia kwamba tangu utotoni alitamani kuchora jalada la kitabu hicho. Staton alipiga simu kwa mhariri wake, na mhariri akakubali. Jalada hilo lilitoka mwaka 1980, na kwa jalada hilo moja Bolland akawa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kuajiriwa na wachapishaji wa Marekani katika wimbi ambalo baadaye lilibadilisha sanaa hiyo kabisa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Asiyeweza kutoa kurasa ishirini kwa mwezi anaweza kutoa ukurasa mmoja usiosahaulika. Baada ya kukamilisha The Killing Joke mwaka 1988, hadithi ya Batman na Joker iliyoandikwa na Alan Moore kwa kurasa zisizofika 50, Bolland aliziachia hadithi ndefu wachoraji wengine na akawa, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, mchora majalada.

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokuwa akinisubiri. Kwani jalada ni nini?

Neno lenyewe lina asili yake. Tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni jild, yaani ngozi, kwa kuwa vitabu vya zamani vilivikwa ngozi. Tunasema pia kujilidi kitabu. Basi jalada ni ngozi ya kitabu: ndiyo inayoguswa kwanza, ndiyo inayochubuka kwanza, na ndiyo tunayomtambulia mtu barabarani kabla hajafungua kinywa.

Lakini ukilitazama kwa jicho la isimu, jalada ni tamko. Lina msemaji, lina msikilizaji, na lina kusudi. Tena ni tamko la aina ya pekee, kwa sababu msikilizaji wake hajui lolote kuhusu habari inayozungumzwa na ana sekunde tatu tu za kusikiliza. Mhariri humwagiza mchoraji jalada miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, aghalabu wakati hadithi yenyewe haijakamilika, ili wauzaji watangaziwe mapema. Mchoraji huandaa vielelezo vichache vya haraka, mhariri huchagua kimoja, kisha kazi huanza. Sehemu ya juu lazima iachwe kwa ajili ya jina la kitabu. Pembeni kuna bei, nambari na alama ya mchapishaji. Katika nafasi inayobaki mchoraji lazima aseme jambo ambalo mtu aliye mbali ataliona, aliye karibu atalitafakari, na aliyekwisha kusoma hadithi atalirudia na kusema, "Kumbe!"

Waswahili tunalo jina la tamko la namna hiyo. Tunaliita kitendawili. Mtegaji husema maneno machache yaliyo kamili, lakini ukamilifu wake humwacha msikilizaji na njaa. Hatoi jibu. Akilitoa, mchezo umekwisha. Jalada zuri hutega, na kitabu hutegua.

Mfano wake ni jalada la The Killing Joke. Joker ametutazama sisi, kavaa kofia, ameshika kamera, kidole ki tayari, na tabasamu lake ni pana kupita uso. Hakuna damu. Hakuna bunduki. Hata Batman hayupo. Mtu anayeliona dukani hudhani anapigwa picha na mwenda wazimu na huenda akatabasamu pia. Kisha anasoma, na katikati ya hadithi anagundua kwamba Joker amempiga risasi binti asiye na hatia na kumpiga picha akiwa sakafuni, ili picha hizo zikamtie wazimu baba yake. Msomaji akifunga kitabu, jalada lile lile linamtazama tena. Sasa anaelewa alikuwa amewekwa mahali pa nani. Picha haikubadilika hata kwa mstari mmoja. Aliyebadilika ni msomaji.

Nimewasomesha wanafunzi wangu kwa miaka mingi kwamba maana haikai ndani ya maneno peke yake, bali huzaliwa kati ya maneno, muktadha na anayesikia. Nimewatolea mifano ya vitabu vinene vya Ulaya. Sikupata kuwapa mfano ulio wazi kuliko huo.

Tukitaka mfano wa nyumbani tutazame kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Picha ya mjini peke yake ni pambo, na jina peke yake ni methali, lakini vikikutana juu ya mgongo wa mwanamke anayepita mbele ya nyumba ya jirani yake, hapo ujumbe hufika bila mtu kutamka neno. Bolland alifanya vivyo hivyo kwa wino. Tofauti ni kwamba mchora kanga hatujapata kuuliza anaitwa nani.

Wapo watakaosema kwamba majalada ni udanganyifu, kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Pingamizi hili lina haki yake. Kuna majalada mengi yaliyoahidi simba ndani kukawa na paka. Tena kuna vitabu ambavyo mchora jalada ana mkono mwepesi na makini kuliko mchoraji wa kurasa za ndani, na msomaji akahisi ameuziwa mbuzi ndani ya gunia. Lakini dawa ya ahadi ya uongo ni ahadi ya kweli. Kwa kitabu cha Animal Man, ambacho shujaa wake hakuwa na sifa kubwa hapo awali, Bolland alichora majalada 63 mfululizo kuanzia mwaka 1988. Mwandishi wa kwanza wa mfululizo huo, Grant Morrison, alikuwa akiandika hadithi za ajabu ambamo shujaa huanza kushuku kwamba kuna mtu anayemwandika. Mchora jalada hakuificha ajabu hiyo nyuma ya ngumi na moshi. Aliitundika mlangoni, ili anayeingia ajue anaingia nyumba gani.

Wenzake walimtambua. Tuzo za Eisner, zinazoheshimiwa kuliko zote katika sanaa hiyo huko Marekani, zilipoanza kumtuza mchora majalada bora mwaka 1992, wa kwanza kuipokea alikuwa Bolland. Aliipokea tena mwaka 1993 na mwaka 1994, kisha mwaka 1999 na mwaka 2001. Amechora majalada ya Wonder Woman, ya The Invisibles na mengine mengi, na mwaka 2011 kampuni ya DC ilitoa kitabu kizima cha majalada yake. Fikiri jambo hilo, msomaji: kitabu cha ngozi tupu, na watu wakakinunua.

Mwaka 1997 aliacha karatasi. Tangu hapo huchora kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kibao kilichounganishwa na kompyuta. Kuna aliyepoteza na kupata kwa pamoja. Wachoraji wa katuni kwa kawaida huuza michoro yao ya asili na mapato hayo huwasaidia uzeeni, ilhali mchoro wa kompyuta hauna asili ya kuuza. Kwa upande mwingine, Bolland alipata uwezo wa kutia rangi mwenyewe. Mwaka 2008 alirudia The Killing Joke na kubadilisha rangi zote za toleo la 1988, zilizokuwa zimetiwa na John Higgins, kwa kuwa hazikuwa zile alizokuwa nazo akilini. Hadi leo wasomaji wanabishana ni toleo lipi bora. Nami naona ubishi huo ni heshima kubwa. Watu hubishana kuhusu rangi ya kitu wanachokithamini.

Sasa tugeuke tujitazame.

Kenya haikukosa wachoraji. Mwaka 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, na majalada yake yaliwachekesha watu wa Nairobi huku yakiwauma. Katika miaka ya 1980 Hirst alishughulika na Pichadithi, vitabu vilivyosimulia ngano zetu kwa picha, akiwemo Lwanda Magere wa Waluo. Jina lenyewe lilikuwa uvumbuzi wa kupendeza: picha na hadithi zimeshonwa pamoja hata huuoni mshono. Mimi nilikua nikivisoma vitabu hivyo. Leo tukisimama kando ya barabara yoyote ya Nairobi tutaona matatu zilizochorwa kwa ustadi ambao ungemfanya Bolland mwenyewe asimame. Mikono tunayo. Tunachokosa ni kuijali.

Naomba nitoe ushahidi juu ya nafsi yangu. Miaka michache iliyopita nilichapisha kitabu cha kiada. Jalada lake lilipendeza mno: wasichana wawili wanasoma chini ya mwembe, na vivuli vya majani vimeangukia kurasa kama herufi. Walimu kadhaa waliniambia kwamba walikinunua kwa sababu ya jalada hilo. Nilifurahi nikashukuru, na sikusema kwamba si kazi yangu. Baada ya kile kikaratasi cha chini ya mlango nililifungua kitabu changu mwenyewe kulitafuta jina la mchoraji. Jina langu lilikuwa mahali patatu. La mhariri lilikuwapo. La kiwanda cha uchapaji lilikuwapo. La mchoraji halikuwapo popote. Nilipompigia simu mchapishaji, ambaye sitamtaja, nilijibiwa kwamba jalada lilitengenezwa "na kijana mmoja wa nje" na kwamba kumbukumbu zake hazikupatikana. Mimi hupokea mrabaha kila mwaka. Kijana yule wa nje alilipwa mara moja.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema mambo mawili yanayopaswa kufahamika na kila kijana mwenye brashi. La kwanza, kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Yaani usipoandikiana mkataba, umekwisha kuuza. La pili, haki ya mwenye kazi kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya ni haki yake yeye, na haihami pamoja na hakimiliki. Mchapishaji anaweza kumiliki mchoro, lakini hawezi kummiliki aliyeuchora. Kwa hivyo kuliacha jina la mchoraji si kusahau kwa kawaida. Ni kumnyima mtu haki yake.

Na jambo hili limekuwa la dharura zaidi sasa. Mwanafunzi wangu hujipatia karo kwa kuchora majalada. Aliniambia kwamba mteja wake mmoja wa siku nyingi amemwambia asije tena, kwa sababu mashine ya akili mnemba inamtolea majalada kumi kabla chai haijapoa, tena bila malipo. Sitaki kuwa mzee anayelaani kila chombo kipya. Bolland mwenyewe aliikumbatia kompyuta miaka mingi iliyopita na mkono wake haukufa. Lakini tofauti iko wazi: yeye aliitumia kompyuta kuchora, na mashine hizi hutumiwa ili asiwepo mchoraji. Zimelishwa michoro ya maelfu ya watu ambao hawakuulizwa wala kulipwa. Na tulipokwisha kuzoea, miaka yote hii, kuchapisha majalada yasiyo na jina la mtu, tulijizoeza sisi wenyewe kuamini kwamba hakukuwa na mtu. Mashine imekuta kiti tumekwisha kukiacha wazi.

Kuna hatari nyingine, nayo yanirudisha kwenye zile nambari za Powerman. Mashine hutuchora kwa kadiri ya picha ilizolishwa, na nyingi zilipigwa au kuchorwa na watu wasiotujua. Niliiomba moja inichoree soko la Kongowea. Ilinipa jangwa, ngamia na mwanamke aliyebeba mtungi. Nusu karne baada ya London kukisia tunavyosoma, sasa kuna wanaokisia tunavyofanana, na safari hii sisi ndio tunaowaomba watukisie.

Nifanyeje basi mimi mwalimu wa lugha? Machache niliyoweza nimeyafanya. Nimemwandikia mchapishaji wangu kwamba chapa ijayo ya kitabu changu haitatoka mpaka mchoraji apatikane na jina lake liwekwe. Nimeomba pia, na bado tunavutana, kwamba alipwe sehemu ndogo ya mrabaha wangu. Nawasihi waandishi wenzangu: kabla hujatia sahihi mkataba wako, uliza mchora jalada ni nani na mkataba wake unasemaje. Nawasihi wachapishaji: mstari mmoja katika ukurasa wa pili haugharimu wino wa kutisha. Nanyi wasomaji, mnaponunua kitabu kwa kuvutiwa na uso wake, kigeuzeni mtazame kama mwenye uso ametajwa. Kama hakutajwa, muulizeni muuzaji. Akiulizwa mara kumi naye atamuuliza mchapishaji.

Yule kijana alirudi ofisini. Nilimkaribisha kiti, nikamwambia, "Nimelitafuta jina ulilonipa. Tasnifu yako nitaisimamia mimi, ukinikubali." Alinitazama kidogo, kisha akatoa mkobani lile pendekezo langu la kulikataa, likiwa na alama yangu ya kalamu nyekundu iliyopita katikati ya ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu," akasema, "naomba basi unisahihishie na hili. Uliandika 'mada nyepesi.' Hukueleza nyepesi kwa nani."

Nilichukua kalamu nikalifuta neno hilo. Tulianza kazi siku iyo hiyo.